Kuchagua kicheza CD cha mkononi kwa sauti na kwa umbo: niliyojifunza baada ya kununua vinne

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Katika miaka michache iliyopita nimenunua vicheza CD vya mkononi vinne: viwili vya mtumba kutoka ng'ambo, kimoja cha kale kutoka kwa muuzaji wa mtaani hapa Dar es Salaam, na kimoja kipya. Kati ya hivyo, ninavyovitumia hadi leo ni viwili tu. Wengi mmeniuliza faraghani mnunue kipi, nami nimekuwa nikijibu kwa sentensi mbili tatu ambazo nikizisoma tena naona hazikumsaidia mtu. Nimeamua kuandika kwa urefu, kwa kuwa mtu aliyezitunza CD zake kwa miaka ishirini anastahili kuzisikia jinsi zilivyorekodiwa, na chombo kibaya humfanya aamini kwamba CD zenyewe zimechoka.

Msimamo wangu ni huu. Tunapozungumzia vicheza hivi tumezoea kuweka sauti upande mmoja na umbo upande mwingine, kana kwamba mtu anaweza kuchukua kimoja na kukiacha kingine. Kwa uzoefu wangu, umbo ndilo linaloamua sauti. Unene wa chombo huamua ukubwa wa betri, betri huamua nguvu ya amplifaya iliyomo ndani, na amplifaya hiyo ndiyo inayoisukuma hedifoni. Anayechagua kwa wembamba amekwisha kuichagua sauti yake kabla hajabonyeza kitufe chochote.

Jambo hili lilianza na chombo cha kwanza kabisa. CD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982, kicheza cha Sony CDP-101 kilikuwa sanduku la kuwekwa sebuleni na kiliuzwa kwa yeni 168,000. Kozo Ohsone, aliyeongoza kazi ya kukipunguza, aliwawekea wahandisi wake kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 13 na ushei na unene wa sentimita 4, akawaambia kwamba chombo kinachotakiwa ni cha ukubwa huo, hawakuruhusiwa kuuliza kwa nini. Matokeo yake yalikuwa Sony D-50 ya Novemba 1984, iliyouzwa kwa yeni 49,800. Umbo lilitangulia, na kila kilichomo ndani kililazimika kujibana ili kiingie. Hata betri haikupata nafasi: aliyetaka kutembea na D-50 alihitaji mkoba wa nje uliobeba betri na kuning'inizwa begani. Nakiona chombo hicho kuwa kizuri mno kwa umbo, kwa kuwa hakuna mstari juu yake usio na kazi, lakini ni mfano wa wazi kwamba kila milimita iliyopunguzwa ililipiwa mahali fulani.

Sasa nieleze sauti, na nianzie mahali ambapo watu wengi hawapaangalii, yaani kumbukumbu ya kuzuia mruko.

Vicheza vya miaka ya 1980 vilisoma CD moja kwa moja. Leza ikitikisika, wimbo unaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji waliweka kumbukumbu ambayo husoma mbele ya wimbo na kuhifadhi sekunde kadhaa, ili leza ikipotea njia muziki uendelee kutoka kwenye hifadhi hiyo wakati leza inajitafutia mahali pake. Wazo ni jema. Tatizo ni hesabu. CD ina sampuli (yaani vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ina biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde moja. Kumbukumbu ya megabiti 16, yaani biti milioni 16 na ushei, kwa kipimo hicho hujaa kwa sekunde zisizofika 12. Basi ukiona chombo chenye kumbukumbu hiyo kimeandikwa kwamba kinazuia mruko kwa sekunde 40, ujue kwamba muziki umebanwa zaidi ya mara tatu kabla haujafika masikioni mwako. Umenunua CD ili usisikilize muziki uliobanwa, kisha chombo chenyewe kinaubana.

Watengenezaji walilijua jambo hili. Katika vijitabu vya maelekezo vya vicheza vya Sony vyenye swichi ya G-PROTECTION yenye namba 1 na 2, mtumiaji anaelezwa kwamba namba 2 inazuia mruko zaidi, lakini anayetaka ubora wa sauti ya CD aweke namba 1. Kwa hiyo swali la kwanza unalopaswa kuuliza kuhusu kicheza chochote ni kama kinga hiyo inaweza kuzimwa au kupunguzwa, na swichi yake iko wapi. Chombo kisichokupa uamuzi huo, mimi sikinunui.

Tofauti hiyo inasikika, na huhitaji masikio ya ajabu. Mimi hupima kwa CD ya taarab yenye kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla. Uzi wa kanuni ukichopolewa, sauti hupanda ghafla kisha hufifia taratibu, na mkia ule wa kufifia ndio unaoumia. Kinga ikiwa imewashwa, mkia hukatika mapema na fidla zikicheza pamoja huwa kama kitu kimoja chenye mchanga ndani yake. Ukiizima, unaanza kuhesabu wapiga fidla. Kwa ngoma na besi peke yake tofauti hiyo ni ndogo, na ndiyo maana anayepima kwa bongo fleva anaweza kusema kwamba haipo.

Jambo la pili ni amplifaya na tundu zake. Vicheza vingi vya zamani vilikuwa na tundu mbili: moja ya hedifoni na nyingine iliyoandikwa LINE OUT, ambayo hutoa sauti ya kiwango kisichobadilika na isiyopita kwenye kidhibiti cha sauti. Ukitaka kuunganisha chombo na amplifaya ya nyumbani au spika zenye umeme wake, tumia hiyo ya pili, kwa kuwa tundu ya hedifoni hukupa sauti iliyokwisha kupita katika amplifaya ndogo na kuchukua dosari zake. Vicheza vyembamba vya baadaye viliiondoa tundu hiyo ili kupata nafasi. Tena kuna suala la soko ambalo chombo kilitengenezewa: Ufaransa iliweka kikomo cha desibeli 100 kwa vyombo vya kusikilizia vya mkononi katika miaka ya 1990, na vicheza vilivyokusudiwa Ulaya mara nyingi ni dhaifu kuliko ndugu zao waliouzwa Asia au Marekani. Mtumba unaotufikia kutoka Ulaya ndio huo. Ukisikia sauti ndogo, usikimbilie kulaumu CD, na uangalie pia kama swichi ya AVLS, ambayo kazi yake ni kuzuia sauti isipande, imeachwa imewashwa.

Vitufe vya kuongeza besi nitavipitia haraka: Mega Bass, DBB na vyenzake vilikuwepo ili kusaidia hedifoni nyepesi zilizouzwa pamoja na chombo. Ukiwa na hedifoni nzuri, vizime.

Nije kwenye umbo, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo penye mapenzi yangu. Umbo zuri kwangu ni lile ambalo mkono unalielewa gizani. Shika chombo kabla ya kukinunua. Fungua kifuniko, usikilize bawaba: inapaswa kupanda kwa utulivu na kusimama, isiruke kama mtego. Bonyeza CD kwenye kitovu. Katika vicheza vingi vya mkononi kuna gololi tatu ndogo zenye springi zinazoibana CD, na mbano mzuri hutoa mlio mmoja mkavu, kisha CD inatoka bila kupinda unapoibonyeza kitovu huku ukiinua ukingo. Gurudumu la sauti ni bora kuliko vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza, kwa sababu kidole kinajua kilipo. Lakini gurudumu la zamani huingia vumbi, likaanza kukwaruza na kufanya sikio moja lisikie zaidi ya lingine sauti inapokuwa ndogo.

Kwa uzuri mtupu, naweka mbele vyombo viwili ambavyo ni vigumu kuvipata. Cha kwanza ni Sony D-88 ya mwaka 1988, iliyoundwa kwa ajili ya CD ndogo za sentimita 8. Ukiweka CD ya kawaida ya sentimita 12, inazunguka huku sehemu yake ikiwa imejitokeza nje ya chombo. Si ya matumizi ya barabarani, lakini kila nikiitazama picha yake naona ujasiri wa mhandisi aliyekataa kukubali kwamba chombo lazima kiwe kikubwa kuliko CD. Cha pili ni Sony D-E01 ya mwaka 1999, iliyotolewa kuadhimisha miaka 15 ya Discman, jina ambalo Sony iliviita vicheza CD vyake vya mkononi. Hiyo haina kifuniko cha kuinua. Unasogeza mlango wa pembeni na kuingiza CD kama barua ndani ya bahasha. Ninayo, na ni mojawapo ya vile viwili ninavyovitumia. Naitumia kwa hedifoni nyepesi tu, kwa sababu wembamba wake una kikomo chake, na betri zake bapa mfano wa kipande cha chingamu zinahitaji subira kuzitafuta.

Kwa sauti ya vyombo vya kale, ninaowaheshimu hutaja Sony D-25 na D-Z555 za mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni nene, ni nzito, hazina kumbukumbu ya kuzuia mruko kabisa, na D-Z555 ina hata tundu ya kutoa sauti ya kidijiti kwa mwanga. Ni vyombo vya mezani vilivyovaa nguo za safari. Anayevitaka lazima awe na fundi, na hilo nawaachia mafundi waliomo humu walieleze.

Kwa mtu anayetaka kununua na kusikiliza leo bila kutafuta fundi, jibu langu ni FiiO DM13, iliyotoka mwaka 2024. Ina chipu mbili za CS43198 za kampuni ya Cirrus Logic zinazogeuza dijiti kuwa sauti, ina tundu ya kawaida ya milimita 3.5 na ile ya milimita 4.4 kwa hedifoni zinazohitaji nguvu, kinga ya mruko unaweza kuizima, betri yake hukaa takriban saa 10, na ikiwa mezani unaweza kuiendesha kwa umeme wa ukutani bila kuichosha betri. Si nyembamba. Moondrop DISCDREAM ya wakati huohuo ina chipu hizohizo mbili na tundu hizohizo za hedifoni, kwa hiyo kati ya hizo mbili waweza kumwachia jicho na mkono waamue. Mimi nilichukua DM13 kwa sababu ya vitufe vyake.

Nimalizie sehemu hii na kosa lililonigharimu. Chombo changu cha kwanza kutoka Japani kilikuja na adapta yake, muuzaji akaniambia nichomeke tu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Harufu ya kuungua ilitoka kabla sijakaa chini. Someni maandishi madogo yaliyo nyuma ya adapta: kama yanasema volti 100 peke yake, adapta hiyo haifai hapa, na kama yanasema 100 hadi 240 mko salama. Someni na upande wa chombo, kwa kuwa vingi vya zamani vinataka volti 9 na vya baadaye volti 4.5, na plagi inaweza kuingia vizuri kabisa mahali isipotakiwa.

#2 Mchangiaji

Nashukuru sana kwa uzi huu, mkuu. Nina swali la mtu wa kawaida. CD nilizonazo nyumbani, zaidi ya nusu si za dukani. Ni zile tulizokuwa tukichomewa mtaani, nyimbo mia moja na hamsini ndani ya CD moja. Je, hizo zitafaidika na chombo kizuri, na je, hivyo vya kale ulivyovitaja vitazisoma?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako lina majibu mawili. Nyimbo 150 katika CD moja maana yake ni faili za MP3, kwa kuwa CD ya muziki ya kawaida hubeba dakika 74 hadi 80 tu. Kicheza cha miaka ya 1980 au 1990 hakizijui faili hizo. Kitaizungusha CD, kitatafuta, kisha kitakuonyesha kosa au kitanyamaza. Unahitaji chombo kilichotengenezwa kuzisoma, na vilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa umbo, ninachokipenda katika kundi hilo ni iRiver SlimX iMP-350 ya mwaka 2002, kutoka Korea Kusini, ambayo ilikuwa nyembamba kwa namna iliyowashangaza watu wakati ule. Kwa CD za aina hiyo wembamba hauumizi sana, kwa sababu muziki wenyewe umekwisha kubanwa tangu siku uliyochomewa, na hakuna chombo kitakachorudisha kilichoondolewa.

Jibu la pili linahusu CD za kuchomwa ambazo ni za muziki wa kawaida, zisizo na MP3. Hizo hata vyombo vya kale vingi huzisoma, ila zile za kufutika na kuandikwa tena huakisi mwanga kidogo sana ukilinganisha na CD ya kiwandani, na leza ya zamani hushindwa kuziona. Kabla hujanunua, chukua CD yako mbaya kuliko zote, nenda nayo dukani, uicheze hapo.

#4 Mchangiaji

Habari za humu. Mimi ni fundi wa redio na nimefungua vyombo hivi kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba niongezee pale mleta uzi alipotuachia.

Kicheza cha mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, hata kama hakijawahi kutumika, kina uwezekano mkubwa wa kuwa na kapasita (vijisehemu vya bodi vinavyohifadhi chaji ya umeme) zinazovuja. Kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi zilizotumika wakati ule hutoa maji yake yenye chumvi, na maji hayo huila bodi taratibu. Huna haja ya kipimo ili kulitambua jambo hilo: fungua kifuniko cha chini na unuse. Ukisikia harufu kama ya samaki aliyelala, zinavuja. Sauti nayo hupungua besi, au sikio moja hufifia, au chombo hukataa kuwaka. Kubadilisha kapasita zote ni kazi ya saa kadhaa yenye kuhitaji mkono mtulivu, na gharama yake inaweza kuzidi bei uliyokinunulia. Atakayekuuzia D-Z555 akakwambia haijawahi kufunguliwa, hiyo si sifa. Yenye sifa ni iliyofunguliwa na kubadilishwa kapasita na mtu anayejua.

Kuhusu leza, nina ombi moja. Chombo kikianza kuruka, wengi hukimbilia kuzungusha skrubu ndogo iliyo kwenye kichwa cha leza ili kuiongezea nguvu. Kitacheza vizuri kwa wiki kadhaa, kisha leza itakufa moja kwa moja. Hapa pwani, mara nyingi tatizo ni unyevu na vumbi kwenye lenzi. Chukua kijiti cha pamba, kilowe kidogo kwa spiriti safi ya isopropili, ukipitishe juu ya lenzi bila kukandamiza, uache ikauke. Isipotosha, angalia grisi kwenye reli anayotelezea leza. Ikikauka inakuwa kama gundi. Hapo ndipo CD inacheza nyimbo za mwanzo vizuri na kukwama za mwisho.

#5 Mleta uzi

Fundi, nakushukuru kwa moyo wote. Chombo changu cha kale kilikuwa na harufu hiyohiyo na muuzaji aliniambia ni harufu ya sanduku. Sikujua.

Hilo la nyimbo za mwisho naomba kila mtu alishike. CD husomwa kuanzia karibu na kitovu kwenda ukingoni, tofauti na santuri. Kwa hiyo mnunuzi anayesikiliza wimbo wa kwanza peke yake amepima sehemu ndogo tu ya safari ya leza. Beba CD ndefu, yenye dakika zinazokaribia 74, cheza wimbo wa kwanza, ruka hadi wa mwisho, urudi wa kwanza, na uhesabu chombo kinachukua muda gani kuupata wimbo kila unaporuka. Kikisitasita sana, au ukisikia mlio mkali wa kujirudia ndani ya chombo, kirudishe mezani. Punguza sauti hadi iwe ndogo sana usikilize kama pande zote mbili ziko sawa. Fungua nyumba ya betri uone kama kuna unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vyake.

#6 Mchangiaji

Nimefuatilia hoja hizi kwa makini na ninazikubali nyingi, lakini sikubaliani na ile kwamba wembamba ni adui wa sauti. Nina kicheza chembamba cha miaka ya 2000 na ninatumia earphone ndogo za ndani ya sikio. Nimekilinganisha na DM13 ya rafiki yangu kwa jioni nzima, kwa CD zilezile, kinga ya mruko ikiwa katika kiwango cha chini, na tofauti niliyoisikia ilikuwa ndogo kiasi kwamba nisingetoa fedha kwa ajili yake. Nadhani umewatisha watu bila sababu.

#7 Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki, na sentensi yangu ya mwanzo ilihitaji mpaka. Earphone za ndani ya sikio huhitaji nguvu ndogo sana, kwa hiyo amplifaya dhaifu haifiki mwisho wa uwezo wake na umasikini wake haujitokezi. Katika hali hiyo kinachobaki kusikilizwa ni mvumo wa nyuma kwenye sehemu za kimya, kwa kuwa earphone zenye wepesi wa kupokea huuleta hata mvumo mdogo. Kama chako kiko kimya pale wimbo unapoisha, kitunze wala usinunue kingine.

Mambo hubadilika unapovaa hedifoni kubwa. Koss Porta Pro, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1984 na D-50, ina omu 60 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na vicheza vingi huisukuma bila shida. Lakini ukichomeka hedifoni ya omu 300, mfano wa Sennheiser HD 600, chombo chembamba kitakupa sauti ndogo, na hata ukipandisha gurudumu hadi mwisho besi itakuwa imelegea na ngoma hazitakuwa na ngozi. Pale ndipo tundu ya milimita 4.4 inapoonyesha kazi yake. Kwa hiyo anayeuliza anunue kicheza gani, aseme kwanza anavaa nini kichwani. Nilipaswa kuanza na swali hilo tangu juu.

Na kwa wale walioniuliza faraghani kuhusu Bluetooth: lipo toleo la DM13 lenye uwezo huo, na ni msaada kwa mtu aliye jikoni au anayefua. Ila sauti hubanwa tena njiani kabla ya kufika kwenye hedifoni, kwa hiyo ukikaa chini kusikiliza, tumia waya.

#8 Mchangiaji

Samahani kaka, naomba ushauri wa upande tofauti kidogo. Baba yangu amezidi miaka 70 na macho yake hayaoni vizuri. Ana CD za kwaya na za mahubiri ambazo husikiliza kitandani kabla ya kulala. Redio kubwa inawasumbua wengine ndani ya nyumba. Anahitaji kitu ambacho atakiendesha mwenyewe bila kuniita. Sauti ni muhimu, kwa sababu anazipenda sana sauti nne za kwaya, lakini nahofia vitufe.

#9 Mleta uzi

Dada, kwa mzee ningeweka umbo mbele ya kila kitu, na sidhani kama atapoteza sauti kwa kufanya hivyo.

Epuka vicheza vinavyoendeshwa kwa kidhibiti kidogo kilichofungwa kwenye waya wa hedifoni. Maandishi yake ni madogo mno na kitufe kimoja hufanya kazi tatu. Epuka pia vile vya kuingiza CD kwa pembeni kama hiyo D-E01 yangu, kwa kuwa mtu asiyeona vizuri ataikwaruza CD mlangoni. Anahitaji kifuniko cha kuinua, kinachofunguka kwa kitufe kimoja kikubwa kilicho mbele, na kitovu kinachoibana CD bila kuhitaji nguvu ya vidole. Kitufe cha kucheza kiwe kikubwa au kiwe kimeinuka kuliko vingine, ili akipate kwa kupapasa. Kama vyote vimelingana, bandika tone dogo la gundi ngumu juu ya hicho cha kucheza, nalo litamtosha.

Angalia vitu viwili zaidi. Kuna chombo kinachokumbuka mahali kiliposimama na kingine kinachoanza upya kila kikizimwa. Mahubiri ya dakika 60 yakianza upya kila usiku, hatafika mwisho wake. Na kuna swichi ya HOLD inayofunga vitufe vyote: wazee wengi huigusa bila kujua, kisha wakadhani chombo kimekufa. Mwonyeshe ilipo, aiguse kwa kidole chake mwenyewe mara kadhaa.

Kwa kuwa atakuwa kitandani na chombo hakitatikisika, zima kinga ya mruko moja kwa moja. Sauti ya tatu na ya nne katika kwaya, zile za chini zinazokaa karibukaribu, ndizo zinazochanganyika zikibanwa. Mnunulie hedifoni nyepesi ya kukaa juu ya sikio, isiyoziba, ili akiitwa asikie.

#10 Mchangiaji

Nimerudi kutoa mrejesho. Nilikwenda na CD mbili za baba, moja ikiwa imekwaruzika, nikapima vyombo vitatu vya mtumba kama mlivyoelekeza. Cha kwanza kilikuwa na ile harufu aliyoitaja fundi. Cha pili kilikwama wimbo wa mwisho. Cha tatu ni kinene, kina gurudumu la sauti na kifuniko cha kuinua, kilicheza zote mbili hadi mwisho, na adapta yake imeandikwa volti 100 hadi 240. Baba alikaa nacho jana usiku. Aliniita mara moja tu, kuniambia kwamba katika wimbo wa tatu kuna mtu anavuta pumzi kabla ya kuanza, na kwamba hakuwahi kumsikia.